Uzi kwa wazazi wenye watoto chuo Uingereza: mitihani ya Januari hiyo inakuja, tuongee namna ya kuwashika mkono

Shangazi_Coventry:

Habari za jioni wadau. Uzi huu ni wa wazazi wenye watoto wanaosoma chuo huku Uingereza, hasa wale walioingia Septemba ambao ndio wanakutana na baridi kwa mara ya kwanza. Mimi naishi Coventry miaka mingi sasa, Jumapili nyumbani kwangu hawakosekani wanafunzi wawili watatu wamekuja kula ugali, na kila ikifika mwezi wa 12 simu yangu inajaa meseji kutoka Dar, Arusha, Mombasa, shangazi mtoto hapokei simu, shangazi mtoto kabadilika sauti. Nikaona mwaka huu niandike mapema kabla mambo hayajaiva.

Kwanza kalenda. Vyuo vingi vya huku masomo ya semesta ya kwanza yanaisha katikati ya Desemba, wanafunga wiki tatu au nne, halafu Januari mitihani. Vipo vinavyofanya Desemba kabla ya kufunga, Edinburgh kwa mfano, kwa hiyo ratiba muulize mwanao mwenyewe usidhani. Sasa ile likizo ya katikati msiione likizo. Wenzake Waingereza wamerudi kwao, hosteli kimya, korido nzima kabaki yeye na madesa yake, na ndio wakati huohuo huko nyumbani mnapanda Moshi, group la ukoo linajaa picha za mbuzi na mabinamu wote wamejipanga mstari kasoro yeye. Anaziangalia hizo picha saa 10 jioni na nje giza lishaingia.

Hilo giza wazazi wengi hamlifikirii, mnafikiria baridi. Baridi ina dawa, koti zito hata la mitumba la Karume linafanya kazi. Ila mwezi wa 12 hapa kwetu jua linatoka saa 2 na kitu asubuhi na saa 10 kasoro jioni limeshazama, na mara nyingi hata hayo masaa machache ni mawingu tu. Mtoto aliyekesha anabukua akaamka saa 7 mchana anapata mwanga masaa mawili matatu basi. Mwili unachoka, usingizi unaharibika, anakuwa mzito, anakata tamaa bila sababu anayoweza kukwambia. Ni kitu kinachojulikana kabisa kitabibu, kuna watu kila baridi ikiingia wanashuka moyo na likirudi jua wanapona. Serikali ya huku inashauri watu wazima wafikirie kumeza vitamini D mikrogramu 10 kila siku msimu wa baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie mwaka mzima. Ni vidonge vya bei ndogo viko hadi supamaketi. Mwambie anunue, na mwambie atoke nje adhuhuri hata nusu saa, atembee, arudi kwenye kitabu.

Sasa lile hasa lililonileta. Mzazi, wiki hizi za mitihani simu yako iwe ni mahali mtoto anapumzika. Asiione namba yako akashtuka. Mimi nimekaa nao hapa sebuleni, simu inaita, "ni baba", uso unabadilika, anaigeuza simu kifudifudi mezani. Siyo kwamba hampendi baba yake. Anajua swali la kwanza ni umejiandaaje na la pili ni usituangushe. Anajua kiwanja cha Goba kimeuzwa, anajua mdogo wake kahamishwa shule, hayo hajayasahau hata siku moja, kumkumbusha Januari hakumwongezei hata alama moja. Muulize kala nini. Muulize hita ya chumbani inafanya kazi au anaizima kubana bili, maana wanaopanga nyumba kwa pamoja wanazima kweli, wanasoma na koti kitandani, wakati maktaba za vyuo zina joto na nyingi ziko wazi usiku kucha kipindi cha mitihani. Mpe habari za nyumbani ndogondogo. Halafu mwage, dakika kumi zinatosha.

Nawasilisha. Karibuni mchango, na wenye watoto huku ulizeni maana najua wengi mnasoma kimya kimya.

MamaK_Mbezi:

Asante sana dada kwa huu uzi umenigusa. Mwanangu yuko mwaka wa kwanza, siku ya nne leo meseji zangu zinaonyesha kazisoma ila hajibu, simu hapokei. Nimewaza kupiga chuoni kwao ila baba yake anasema tutamwaibisha. Na nikipiga watanisikiliza kweli?

Shangazi_Coventry:

Pole mama K. Piga, hutamwaibisha, ila ujue utaratibu. Huku ukishafika miaka 18 wewe ni mtu mzima kisheria, chuo hakiruhusiwi kumwambia mzazi habari za mwanafunzi bila ridhaa yake, hata kama ada unalipa wewe. Alama zake, mahudhurio, kama anaumwa, hawakwambii. Kwa hiyo wakikujibu kwa kifupi usione dharau. Ila kitu ambacho wazazi hawajui ni kwamba wao hawawezi kukupa habari lakini wewe unaweza kuwapa. Piga waambie nina wasiwasi na mwanangu, siku nne kimya, siyo kawaida yake, naombeni mtu akamwangalie chumbani. Watu wa ustawi wa wanafunzi au walinzi wa hosteli wanakwenda kugonga mlango. Ndio maana nasema kila mzazi leo hii awe na vitu hivi kwenye daftari, jina kamili la hosteli na namba ya chumba, namba yake ya uanafunzi, na namba ya simu ya rafiki yake mmoja anayeishi naye. Ukiwa na hivyo simu yako inafanyiwa kazi haraka.

Pia vyuo kadhaa vina fomu ambapo mwanafunzi anakubali mwenyewe kwamba nikipata shida kubwa mpigieni mtu fulani. Bristol walianza hivyo mwaka 2018. Akitulia muulize kama kaijaza na kama jina lako lipo.

Na kwa kuwa meseji anazisoma mama, hiyo ni dalili njema, yupo, kalemewa tu. Mtumie moja fupi isiyo na swali, "tunakupenda, huna haja ya kunijibu leo, nitumie dole gumba tu nijue uko sawa." Ikifika kesho jioni hakuna dole basi piga chuo. Nitumie na PM jina la mji.

Kijana_Glasgow:

Shikamooni wazazi wangu. Mimi ni mwanafunzi niko mwaka wa tatu, nimesoma uzi wote nikaona niseme kwa niaba ya wenzangu. Huku Glasgow jua mwezi wa 12 linatoka saa 3 kasoro robo asubuhi na saa 10 kasoro robo jioni limezama, kwa hiyo shangazi anachosema kuhusu giza ni kweli tupu.

Kitu kinachonisaidia mimi kuliko vyote mama ananitumia voisi. Haina swali hata moja. Anasema tu leo nimepika maharage ya nazi, mdogo wako kapewa kuimba kanisani, sikiliza, halafu unasikia dogo anaimba na nyuma kuna bodaboda linapita na jirani anauliza bei ya mkaa. Dakika mbili. Naisikiliza nikiwa natembea kwenda maktaba, naisikiliza tena narudi.

Kinachoumiza niseme ukweli jamani ni pesa. Siyo ada peke yake. Desemba ndio ndugu wanakumbuka una ndugu Ulaya, "kijana Krismasi hii tukumbuke", mjomba anataka tairi, shangazi wa tatu anataka kitenge, na mwanafunzi anaona aibu kukataa anaongeza shifti za usiku ghalani, anatoka saa 12 asubuhi analala mchana, mwanga wenyewe ndio huo haupo, na wiki mbili mbele ana mitihani minne. Visa yetu ya digrii inaruhusu masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, likizo unaweza kufanya full time, na wiki za mitihani siyo likizo, hapo ni yaleyale 20. Wapo wanaozidisha wanacheza na visa yao kwa ajili ya kuwatumia ndugu pesa za sikukuu. Mzazi ukiweza waambie ukoo mapema kwamba mtoto asiombwe kitu mpaka mwezi wa pili. Ukisema wewe wanakuelewa, akisema yeye anaambiwa kajisahau.

Shangazi_Coventry:

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye mjomba na tairi wazazi msome mara mbili. Mtoto hana nguvu ya kumkatalia mjomba wake, wewe unayo.

Mchumi77:

Naomba nitofautiane kidogo kwa heshima. Sisi tumesoma kwa kibatari, tumetembea kilomita, mzee alikuwa anakwambia ukifeli usirudi nyumbani na tukafaulu. Hawa wamepelekwa Ulaya kwa mamilioni, wana hita, wana laptopu, leo hata kuwauliza umejiandaaje ni kosa? Mimi binti yangu namuuliza na alama zake naziangalia. Muhula uliopita kaniletea 62, shule ya msingi huyu alikuwa hashuki 90. Sasa nisimseme?

Shangazi_Coventry:

Mkuu Mchumi nashukuru umesema wazi, maana wako wengi wenye mawazo hayo hawaandiki.

Nianze na hiyo 62. Mkuu hiyo ni alama nzuri! Digrii za huku 70 kwenda juu ndio daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni la pili la juu, 50 hadi 59 la pili la chini, 40 hadi 49 la tatu, chini ya 40 ndio kafeli. Waajiri wengi huku wanatangaza nafasi wakitaka hilo la pili la juu, yaani hapohapo binti yako alipo. Walimu wa huku 80 wanaitoa kwa nadra sana, 90 kwenye insha unaweza kumaliza chuo hujaiona. Wenye watoto masters, 50 kafaulu, 60 ni vizuri, 70 ni ya juu kabisa. Na mwaka wa kwanza kwa vyuo vingi vya England alama haziingii kwenye daraja la mwisho, anatakiwa tu afaulu aendelee. Kwa hiyo mtoto kapata 62 kafurahi, kapiga simu nyumbani kasikia ukimya, au kaulizwa 38 nyingine ziko wapi. Nimemwona mmoja yamemkuta hayo, alikuwa na karatasi ya matokeo mkononi amekuja kunionyesha kwa furaha, baada ya simu akaikunja akaitia mfukoni. Mpigie binti leo umpe hongera mkuu, hata kama imechelewa.

Kuhusu kibatari. Ni kweli mlisoma kwa shida na nawaheshimu kwa hilo. Lakini kile kibatari mlikuwa mmekizunguka watano. Bwenini mlilala wengi, ukiwa na stresi mwenzako anakuona, ukipata sapu mnakwenda kuisoma pamoja, ukikosa kula kuna mtu anakukatia andazi. Huyu wa huku anaweza kumaliza siku tatu hajaongea na mtu uso kwa uso. Mimi sisemi wasiulizwe kabisa, ulizeni Oktoba, ulizeni Novemba wakati bado kuna muda wa kurekebisha, wakati anaweza kwenda kwa mwalimu au kutafuta pasti pepa. Januari tarehe 10 ukiuliza umejiandaaje na jibu ni hapana, atafanya nini nalo?

Mchumi77:

Sawa shangazi. Hilo la madaraja sikulijua, yeye hakuniambia au aliniambia sikumsikiliza. Nampigia.

Mzee_wa_Kapsabet:

Salamu kutoka Nandi. Mimi niko na binti Canada, Ontario, wao mitihani ni Desemba hii hii, ikiisha ndio wanafunga. Shida yetu ni masaa, sisi tuko mbele masaa nane wakati wa baridi. Mama yake huamka, amalize kukamua ng'ombe, apige simu saa 2 asubuhi, kumbe kule ni saa 6 usiku na mtoto ameshalala ako na mtihani kesho. Tukakubaliana naye simu ni Jumamosi saa 12 jioni yetu, kwake ni saa 4 asubuhi, siku zingine ni meseji tu. Imesaidia sana. Pia binti alisema hapo Canada kuna namba ya 988, mtu akilemewa na mawazo mabaya anapiga au kutuma meseji saa yoyote bure. Nimeiandika ukutani ingawa siwezi kuipiga kutoka hapa, lakini angalau najua ya kumkumbusha.

Shangazi_Coventry:

Ahsante mzee, hiyo ya masaa hata huku inahusu. Saa za huku zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kuanzia hapo hadi mwisho wa Machi tofauti na Afrika Mashariki ni masaa matatu siyo mawili. Ukipiga saa 3 usiku ya Dar huku ni saa 12 jioni, hapo ndio pazuri, ameshatoka maktaba anapika.

Na namba za huku England: 111 halafu unabonyeza 2 kwa mambo ya msongo wa akili, usiku na mchana. Samaritans 116 123 bure. Hatari ya maisha ni 999. Halafu wazazi mkumbuke mlishalipa huduma ya afya pamoja na visa, pauni 776 kwa kila mwaka wa mwanafunzi, kwa hiyo mtoto asiogope kwenda kwa daktari kwamba atadaiwa. Ila lazima awe amejiandikisha kwa GP, yaani zahanati ya eneo lake, na wengi hawajajiandikisha mpaka waumwe. Muulize hilo wiki hii. Ushauri nasaha wa chuoni pia ni bure ila ofisi nyingi zinafungwa kati ya Krismasi na mwaka mpya, asisubiri tarehe 27.

BintiUnguja:

Assalaam alaykum. Nina swali zito kidogo. Bibi yetu hali yake si nzuri, na ndugu yetu ana mitihani kuanzia tarehe 12 Januari. Wazee wamekaa wakasema likitokea la kutokea asiambiwe mpaka amalize. Mimi moyo wangu hautulii na hili. Nyie mnaonaje?

Mchumi77:

Mimi hapa nasimama na wazee. Akiambiwa atafanya nini, nauli hana, mazishi hawahi. Amalize kwanza.

Shangazi_Coventry:

Waalaykum salaam binti yangu, Mungu amjalie bibi nafuu.

Nitasema ninavyoona na wazee wanisamehe. Kumficha siku hizi haiwezekani. Binamu ataweka picha ya bibi kwenye status, mtu wa mbali ataandika innalillahi kwenye group, na mtoto ataisoma asubuhi akiwa kwenye basi kuelekea mtihani, peke yake. Hilo ndilo nililoliona likitokea na ni baya kuliko kuambiwa.

Halafu kuna jambo la utaratibu. Vyuo vya huku vina kitu wanaita mazingira ya kipekee, mwanafunzi akifiwa na mtu wa karibu au akiugua anajaza fomu, wakikubali mtihani unasogezwa, mara nyingi hadi Agosti, na anaufanya kama mara ya kwanza bila kukatwa alama. Lakini ina mwisho wake wa kuomba, mara nyingi siku chache tu, na vyuo vingi vina sheria kwamba ukishaingia kwenye chumba cha mtihani umejitangaza uko sawa, baadaye ni vigumu kudai hukuwa sawa. Sasa ukimficha umemnyima hiyo haki ya kuchagua. Anaweza kuamua afanye, wapo wanaosema bibi angetaka nifanye, ni sawa, lakini ameamua yeye. Na wekeni karatasi, cheti cha kifo au barua ya hospitali, watamwomba.

Namna ya kumwambia sasa. Asiambiwe kwa meseji na asiambiwe usiku wa kuamkia mtihani. Kama mtihani ni kesho asubuhi na taarifa imekuja jioni hii, hapo nakubaliana na mkuu, subirini yale masaa, na group lote lizuiwe kuandika. Akitoka tu aambiwe, na mtu mmoja wa huku awe njiani kwenda kwake kabla simu haijapigwa. Ndugu, mtu wa msikitini kwao, rafiki, yeyote, asikae chumbani peke yake usiku ule. Niambie yuko mji gani, nitatafuta mtu.

BintiUnguja:

Yupo Cardiff. Nimewasomea wazee haya yote usiku huu, baba mkubwa amenyamaza kidogo kisha akasema basi tumtafute mtu wa Cardiff. Nakutumia PM.

MamaK_Mbezi:

Wadau dole gumba limekuja saa 5 hii usiku! Na neno moja, "nimechoka tu mama". Nimelia. Shangazi swali la mwisho, ada awamu ya pili inatakiwa Januari na hatujakamilisha, shilingi imetuvuruga. Nimwambie au nikae kimya?

Shangazi_Coventry:

Alhamdulillah, Mungu mkubwa. Mjibu "lala mwanangu" tu, mengine kesho.

Ada usikae kimya na usimtwishe yeye. Vyuo vingi awamu ya pili inaangukia Januari, ikipita bila neno wanaanza na barua, wanaweza kumfungia baadhi ya huduma, na ikifika mbali inagusa visa. Lakini ofisi za ada zinaongea na watu wanaojitokeza mapema. Tatizo ni kwamba wanataka barua itoke kwa mwanafunzi. Kwa hiyo wewe na baba yake kaeni mpange kiasi na tarehe zinazotekelezeka kweli, andikeni ile barua nyie, umtumie ikiwa tayari kabisa abonyeze kutuma tu. Mwambie "tumepanga hivi, tunalipa hivi, wewe tuma hii uendelee na kitabu." Fanyeni hii wiki kabla ofisi hazijafungwa kwa Krismasi.

Na wote mnaosoma ambao watoto hawana pa kwenda sikukuu, walio Coventry, Leicester, Birmingham na hapa jirani, niandikieni PM kabla ya tarehe 20. Tarehe 25 huku treni hakuna, mabasi karibu yote hayatembei na maduka makubwa yanafungwa kwa sheria, kwa hiyo anayekuja afike tarehe 24 kabla ya jioni. Aje na vitabu vyake, meza ipo na magodoro yapo, na hata akibaki hosteli hakikisheni kanunua chakula cha siku mbili tarehe 23.